Wa Tano Kutoka Mlangoni

Mboni binti Nurdin hakuiomba kazi ile. Anayesema aliiomba na aje aseme mbele yake, aone. Siku polisi walipofika kijijini kwao, njia ya Rutamba, kutangaza habari za polisi jamii, wanaume wote waliinamisha vichwa kama watu waliopoteza sindano mchangani. Mboni peke yake ndiye aliyenyoosha mkono akauliza, "Sasa huyo mtu wenu akileta taarifa, mkaja mkamkamata yeye mwenyewe, sisi tumfuate wapi?" Watu wakacheka, maafande wakacheka, na kicheko hakijaisha mwenyekiti wa kijiji akasema, "Basi tumempata. Mwenye mdomo ndiye mwenye kazi." Akavishwa kizibao cha njano kinachong'aa, akapewa namba ya simu ya kituo, mkutano ukafungwa kwa dua.

Tangu hapo Mboni ni mtu wa katikati. Polisi wakitaka jambo kijijini wanampigia yeye, na kijiji kikitaka jambo polisi kinamgongea mlango yeye. Mshahara hakuna. Matusi yapo, tena hayacheleweshwi. Watoto wakimwona na kizibao chake wanaimba, "Mama Difenda huyooo!" kwa sababu ya lile gari la polisi, na wazazi wao wanawakemea huku wanacheka. Kituoni nako wanamtazama kama mtu aliyetumwa kuwaficha wahalifu kwa maneno matamu. Mumewe Shamte, fundi baiskeli, hakosi la kumchokoza. "Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, mke wangu. Na mimi naziba matairi tu, misamba sishoni."

Mtu akianguka ghafla shambani akafa, wenyewe wanambeba mara moja, wanamwosha, wanamzika, maana maiti haiachwi juani kama kuni. Polisi wakija wanakuta kaburi bichi, wanang'aka kwamba ushahidi umeharibiwa. Mboni anaeleza huku, anaeleza kule. Polisi nao wanaingia nyumba ya mtu kutafuta gongo, wanakanyaga mkeka wa kuswalia na mabuti yao, kijiji kinanuna mwezi mzima. Mboni anaeleza kule, anaeleza huku. Usiku akilala, Shamte anasema, anaendelea kueleza.

Lakini yote hayo ni mchezo ukilinganisha na mambo ya Bi Umi.

Bi Umi ni mjane, mtu mzima mwenye kauli chache. Nyumba yake iko huko huko shambani, katikati ya mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Msimu wa korosho, asubuhi moja jua limeshapanda, alikuwa anaokota korosho peke yake. Akatokea mwanaume. Hakusalimu, hakusema neno hata moja, alishika gunia akalivuta. Bi Umi naye akalishika. Gunia lenyewe lilikuwa nusu, ila yeye si mtu wa kuachia chake. Yule mwanaume akaokota jembe la mwenyewe Bi Umi, akampiga kwa mpini mpaka mkono ukavunjika, akachukua gunia akaenda zake kwa miguu, taratibu kama mwenye shamba.

"Nilimtazama mpaka akapotea," Bi Umi alimwambia Mboni hospitali. "Uso ule nitaujua hata siku ya Kiama."

Alasiri ile ile vijana wakamkamata mtu mmoja akiitwa Majid, kibarua wa kupulizia dawa mikorosho, anauza korosho kwa kangomba, wale wanunuzi wa vichochoroni wasiouliza mali imetoka wapi. Majid akasema korosho ni zake. Na kweli, korosho hazina jina. Lakini vijana hawakutaka mjadala. Walimzunguka kwenye uwanja wa mpira, petroli ikaletwa kwenye chupa ya maji, na aliyeishika chupa ile alikuwa Fakihi, mume wa Hamida, mkwe wa Bi Umi.

Mboni alifika anahema, kizibao amekivaa ndani nje. Akaingia katikati yao akasimama mbele ya Majid.

"Haya, nimwagieni mimi kwanza! Mwagieni! Mkishamaliza, Difenda litakuja libebe kila kijana wa kijiji hiki, na Bi Umi abaki na mkono uliovunjika na mkwe wake gerezani. Ndiyo mnavyomsaidia? Fakihi, baba, niachie mimi. Mama yako amemwona mtu wake kwa macho. Atamwonyesha, atafungwa, na mama atarudi kulala kwake kwa amani."

Fakihi alikuwa analia kwa hasira. Akaiweka chupa chini.

"Haya, mama Mboni. Nakuachia. Ila huyu akitoka, ujue umemtoa wewe."

Basi Majid akapelekwa kituoni mjini akiwa mzima, na Mboni akawa amebeba deni la watu wote wale kichwani.

Bi Umi alipotoka hospitali alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwake. Hakuweza kulala peke yake shambani huku hajui yule mtu atafungwa au ataachiwa, kwa hiyo alikaa kwa bintiye Hamida, na huko ilikuwa mateso. Maana kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani. Fakihi amemjengea Bi Umi nyumba, amemchimbia kisima, kila wiki anamletea kuni, na tangu amwoe Hamida hajawahi kumtazama usoni. Akitaka kupita kwa mama mkwe anakohoa tangu mbali. Wakikutana njiani, Bi Umi anatoka njiani anaingia majanini, anampa mgongo, na Fakihi anachuchumaa upande wa pili, macho chini, mpaka mmoja apite. Hakuna uhasama hapo, jamani, ndiyo heshima yenyewe, na wakwe wanaopendana ndio wanaopeana mgongo kwa haraka zaidi. Sasa wawekwe nyumba moja ya vyumba viwili! Bi Umi akawa hatoki chumba cha nyuma mchana kutwa, na Fakihi akawa anakula na kulala kwa jirani. Hamida alikuwa anapeleka sahani mbili huku na huku, amekonda.

"Mboni, mwanangu," Bi Umi alikuwa akiuliza kila mara, "lini nitakwenda kwangu?"

"Karibu, mama. Tunasubiri gwaride."

Gwaride lenyewe lilikuwa la utambulisho. Mpelelezi wa kesi, Koplo Brighton, kijana wa bara mwenye adabu na macho ya mtu asiyelala vizuri, alimweleza Mboni vizuri. Majid atasimama mstari mmoja na wanaume wengine wanane wa umbo lake. Bi Umi atapita mbele yao, na akimwona mtu wake atamgusa bega.

"Lazima amguse, afande? Asionyeshe kidole tu?"

"Lazima amguse, mama. Ndiyo utaratibu."

Mboni alirudi kwa Bi Umi na jambo hilo akiwa na wasiwasi, mwanamke mwenye stara kwenda kumshika bega mwanaume mbele za watu. Bi Umi akafikiri, akasema, "Mwizi si mwanaume wa kumwonea haya. Nitamgusa." Mboni akamshukuru Mungu, akajua jabali limeshapandwa.

Siku ikafika. Mboni alikwenda stendi akatongoza madereva wa bodaboda na wapiga debe mpaka sauti ikakauka, akapata wanane, akawafikisha kituoni kwa ahadi ya soda. Koplo Brighton akawakagua, akaridhika. Mboni akaondoka kwenda kumchukua Bi Umi, ambaye alikuwa hospitali anaangaliwa mkono. Wakarudi pamoja, Bi Umi amejifunga kanga mpya, ameshika tasbihi kwa mkono mzima.

Askari mmoja wa kike, Debora, akampokea Bi Umi akamwingiza. Mboni alipotaka kufuata, Koplo Brighton akamzuia mlangoni.

"Wewe unabaki nje, mama. Na nakuomba sana, ukitoa sauti, hata ya kukohoa, watasema ulimwelekeza shahidi. Gwaride linakufa na huyu mtu anakwenda nyumbani."

"Mimi sikohoi, afande."

Akabaki upande wa pili wa ukuta wa matofali ya matundu. Akaweka jicho kwenye tundu moja. Aliona uwanja umefagiwa, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, na wanaume tisa kwenye mstari. Akaanza kuwatazama kutoka mlangoni. Wa kwanza bodaboda. Wa pili mpiga debe. Wa tatu amesimama wima kama mlingoti, kidevu juu, mikono imebana mapaja.

Ya Rabi! Alikuwa Fakihi.

Baadaye ndipo ilipojulikana ilivyokuwa. Bodaboda mmoja aliitwa na abiria wake wa kila siku, akawasha pikipiki akaondoka, soda akaisamehe. Koplo Brighton akatoka getini kutafuta wa kujaza pengo, akamkuta kijana amekaa kwenye kivuli. Alikuwa Fakihi, amekuja kwa hiari yake kusikia matokeo. "Wewe, urefu wako unafaa. Una undugu na mtuhumiwa?" Fakihi akasema hana. "Haya, ingia usimame." Fakihi akaingia. Nani anamkatalia afande getini kwake? Tena alikuwa na lake moyoni. Alijua gwaride kwa picha za video tu, na kwenye video shahidi hukaa nyuma ya kioo cheusi, anaona bila kuonwa. Akadhani mama mkwe yuko chumbani, nyuma ya dirisha fulani. Akasimama wima ili Majid afungwe.

Mboni hayo yote hakuyajua. Alichojua ni kwamba akipiga kelele gwaride limekufa, na asipopiga kelele Bi Umi anaingia sasa hivi. Alitia pindo la kanga mdomoni akaling'ata. Akajiambia labda Bi Umi hatamtambua. Akajiambia labda kwa siku ya leo atapita tu, afunge macho kidogo, apite. Akaomba, kwa dhati kabisa, mwanamke yule avunje heshima yake mara moja tu.

Mlango ukafunguliwa. Bi Umi akasimama kizingitini, akatupa macho mstari mzima mara moja, na Mboni aliona mkono wenye tasbihi ukikaza. Kisha akaanza kutembea. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili.

Akasimama. Alivuta kanga akafunika uso wote. Akatoka kwenye mstari kama mtu anayetoka njiani, akaruka mawe ya chokaa, akaenda kusimama kwenye maua ya kituo, akaupa uwanja mzima mgongo. Na Fakihi, alipoona ni nani aliye mbele yake, hakusubiri amri ya mtu. Alichuchumaa pale pale, akaficha uso magotini.

"Simama wewe!" Koplo Brighton akafoka. "Nimesema simama! Mama, rudi huku! Debora, wana nini hawa?"

Fakihi hakusimama, na Bi Umi hakugeuka. Bodaboda walikuwa wanatazamana. Wa tano kutoka mlangoni, Majid, alikuwa anatabasamu.

Mboni aliingia bila kuitwa. Sasa kulikuwa na nini tena cha kuharibu?

"Afande, huyo ni mkwe wake! Umemsimamisha mtu na mama mkwe wake!"

"Mkwe ndiyo nini? Nilimuuliza undugu na mtuhumiwa, akasema hana."

"Na shahidi je? Hukuuliza shahidi?"

Koplo Brighton alimtazama Fakihi aliyechuchumaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kwetu mtu na mama mkwe wanakula sahani moja. Ningejuaje? Ungeniambia."

Hapo Mboni aliwaka, wallahi aliwaka. "Ningekuambia! Nikuambie nini, afande? Mila zetu zote nizianike hapa mezani kwako kama dagaa, uchague utakayoikosea leo? Mimi najua utakosea wapi kabla hujakosea? Nimekuletea watu wanane! Wanane! Nimewaomba kama naomba mchumba! Haya, mtoe huyu, weka mwingine, gwaride lianze upya."

"Haiwezekani. Shahidi ameshawaona wote na mtuhumiwa ameshamwona shahidi. Nikirudia, wakili yeyote atalichana."

Debora, ambaye alikuwa amemfuata Bi Umi kwenye maua, akasema, "Afande, mama anasema amemwona."

Wote wakageuka. Bi Umi alijibu akiwa bado ameelekea ukuta, kanga usoni.

"Nimemwona tangu mlangoni. Wa tano."

"Sasa mbona hukumgusa, mama?" Koplo Brighton karibu alie.

"Mwanangu, nimpite mkwe wangu uso kwa uso, halafu nikamshike mwanaume bega, naye yuko pale ananiona? Nikirudi kijijini nitakuwa na uso gani? Ulisema kuna mwizi. Hukusema kuna mkwe."

Koplo Brighton aliandika alichotakiwa kuandika, kwamba shahidi hakumgusa mtu. Kusema wa tano baada ya vurugu ile, alisema, hakutoshi, na korosho zilishauzwa, na ushahidi mwingine hana. Atampelekea mkubwa wake jalada. Mboni alikaa kwenye benchi la mapokezi akisubiri huyo mkubwa, na mkubwa alipokuja alisikiliza kwa heshima, akamwita mama, akamsifu kwa ushirikiano mzuri na jeshi, akasema mtuhumiwa ataachiwa kwa dhamana wakati upelelezi unaendelea.

"Upelelezi gani unaendelea?" Mboni akauliza. "Wa nini? Wa korosho?"

"Tuwe na subira, mama."

La kuvunda halina ubani. Mboni alitoka nje akiwa amevua kizibao, amekikunja kwapani. Hasira zake hazikujua zimwendee nani. Kwa Brighton hazikukaa, kwa kuwa kijana wa watu hakutaka baya. Kwa Fakihi hazikukaa. Zikamwendea Bi Umi, Mungu amsamehe.

Bi Umi alikuwa nje ya geti, amesimama akitazama ukuta wa duka. Fakihi alikuwa upande wa pili wa barabara, amechuchumaa, amewapa mgongo. Ndivyo walivyosubiri muda wote ule, wawili hao, kila mmoja na upande wake.

"Bi Umi," Mboni akasema, "mama yangu, hatua mbili! Hatua mbili tu zilibaki. Leo tu! Mungu angekusamehe, Fakihi angekusamehe, kijiji kizima kingekusamehe. Mtu anaweza kujizuia kwa siku moja, hawezi?"

Bi Umi hakukasirika. "Ilitoka yenyewe, Mboni," alisema. "Nilikuwa nimeshageuka kabla sijafikiri."

"Inatokaje yenyewe? Wewe mtu mzima! Mdomo wako, miguu yako, unaviongoza mwenyewe!"

Alikuwa bado ana maneno, tena makali, pale geti lilipolia nyuma yake. Mtu alitoka akirudishia mkanda kwenye suruali. Akaangaza barabara kulia na kushoto, akajinyoosha. Kisha akapita karibu na Mboni, akainamisha kichwa kidogo, kama kijana aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mboni akaitika.

Lilikuwa limeshatoka. Aliweka kiganja mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka, tena kwa sauti nzuri kabisa, ile anayowaitikia watoto wa watu kila siku. Majid akaendelea na safari yake, taratibu, kuelekea stendi yanakopakia magari ya Rutamba.

Fakihi, ng'ambo ya barabara, alikuwa amesikia, na sauti ya Majid aliijua. Hakugeuka, kwa sababu mama mkwe alikuwepo. Alisema tu, akiongea na lami iliyokuwa mbele yake, "Umemwitikia, mama Mboni. Vizuri. Siku nyingine tukikamata mwizi hatutakusumbua."

Akainuka akaondoka bila kuangalia nyuma.

Bi Umi alisikia nyayo za mkwe zikienda mbali, ndipo akateremsha kanga kutoka usoni. Hakuwa ameona chochote, uso wake ulikuwa ukutani muda wote. Na yule mtu shambani siku ile hakumsemesha neno, kwa hiyo sauti yake hakuijua.

"Kijana wa nani huyo aliyekuamkia?" aliuliza. "Siku hizi vijana wenye adabu vile ni wachache."

Mboni alitazama barabara. Mgongo wa Majid ulikuwa bado unaonekana kwenye umati wa stendi. Angeweza kudanganya, na mdomo ulikuwa tayari kudanganya. Lakini jioni ile Bi Umi angepanda gari lile lile, na kesho angeuliza swali lile lile, lini nitakwenda kwangu.

"Ndiye, mama. Wa tano. Wamemwachia."

Bi Umi hakulia. Aliushika mkono wake uliofungwa, akauegemeza kifuani, akakaa chini pale pale kando ya geti la polisi, juu ya vumbi na kanga yake mpya.

"Basi nitakaa hapa," akasema. "Kwa Hamida namtesa mkwe wangu, na kwangu hakulaliki tena. Nenda, Mboni. Kawaambie nyumbani nimebaki."

Mboni alimbembeleza mpaka adhana ya alasiri ikapita. Kisha akatandaza kile kizibao cha njano kwenye vumbi, akakaa juu yake kando ya Bi Umi, wakasubiri pamoja, hata yeye hakujua wanasubiri nini.